Jina la Mhunzi Husomwa Mwisho

(Maelezo niliyotoa jioni moja Mombasa mbele ya wapenzi wa vitu vya kale. Nimeyaandika karibu sawa na nilivyoyasema, ila kikohozi changu nimekiacha nje.)

Shikamooni wazee mlio mbele. Ndugu zangu wengine, hamjambo.

Aliyenialika alitaka nije niwafundishe kusoma majina ya wahunzi kwenye panga za jeshi la Wajapani. Nikamjibu vizuri, nitakuja, lakini jina nitalifikia mwisho kabisa, na atakayekuwa amesinzia shauri yake.

Upanga huu ulio mezani tumeazimwa na kijana mmoja aliyeketi pale nyuma. Babu yake alikuwa Keya. Vijana wa leo wakisikia Keya hawajui, lakini wazee hapa wanajua: ni wale askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, waliovushwa bahari mpaka Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya kule, tope mpaka magotini, ikiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Waliuvuka pale Kalewa mwezi wa Desemba. Upanga huu ulitokaje mikononi mwa Mjapani ukaishia kwenye sanduku la babu? Familia ina hadithi tatu, na zote tatu ni nzuri, kwa hiyo mimi siziingilii. Nimeitwa kusoma chuma tu.

Tuutazame kwa nje kwanza. Ala yake ni ya chuma, rangi ya kijani iliyofifia kuelekea khaki. Mpini umesukiwa utepe wa hudhurungi, na kwenye nafasi za utepe mnaona ngozi nyeupe yenye chembechembe. Hiyo ni ngozi ya taa. Nikiwa bara huwa nachukua dakika tano kueleza taa ni samaki gani. Hapa Mombasa nashukuru nimepumzishwa. Kwenye kichwa cha mpini pana kitanzi, na kwenye kitanzi kumebaki kipande cha uzi.

Sura hii ni ya upanga wa ofisa. Tangu karne ya 19 maofisa wa Japani walivaa kitara cha mtindo wa Ulaya, chenye kikingio kinachozunguka vidole. Mwaka 1934 jeshi lao la nchi kavu likaacha mtindo huo, likarudia umbo la panga za samurai wa kale. Mwaka 1938 mtindo ukafanyiwa marekebisho, nalo jeshi la majini lilikuwa tayari na wake. Sasa sikieni jambo ambalo watu wengi hulikosa: ofisa alinunua upanga wake kwa pesa zake mwenyewe. Mwenye mshahara mdogo alichukua wa dukani, uliotengenezwa haraka. Mwenye uwezo alimwagiza mhunzi anayejulikana. Na yule aliyetoka ukoo wenye upanga wa mababu aliuchukua huohuo, wa miaka mia tatu au mia nne, akauvisha mpini na ala ya kijeshi. Kwa nje wote watatu wamevaa sare moja. Ukitaka kuwatofautisha lazima uwavue.

Askari wa vyeo vya chini kama sajini hawakununua. Walipewa na serikali upanga wa mwaka 1935 uliotengenezwa kwa mashine. Mipini yake mingi ni ya alumini ya kumimina, ikapakwa rangi ifanane na utepe. Huo una namba iliyogongwa kwenye bapa karibu na kikingio, na hata ukifanikiwa kuuvua mpini hutakuta jina la mtu. Kwa hiyo ukiona namba hapo, acha kutafuta mhunzi. Na siku hizi zipo zilizoigizwa kwa maelfu, namba zake zimechongwa ovyo kama namba ya baiskeli.

Haya, tuvue.

Sisi wa pwani tumezoea vitara vyenye bapa lililotoka Ulaya, alama ya kiwanda ikiwa wazi kwenye bapa, kila mtu aione. Mjapani yeye huandika jina lake mahali pasipoonekana kabisa: kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Wao huuita msuka huo nakago, na maandishi yake huyaita mei. Ofisa angeweza kuuvaa upanga huu miaka mitatu bila kuliona jina lililo ndani ya kiganja chake.

Mpini unashikwa na kijiti kimoja tu cha mwanzi, wakati mwingine viwili. Kijiti kimechongwa kama kabari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Unakigonga taratibu kutoka upande mwembamba, kwa kitu cha shaba au cha mbao, kikatoka. Kisha unausimamisha upanga, ncha juu, makali yakiwa mbali na uso wako, unashika mpini kwa mkono wa kushoto na kuugonga mkono huohuo kwa ngumi ya mkono wa kulia. Ngumi mbili tatu, bapa litaruka kidogo ndani ya mpini. Likigoma, acha. Usitie mafuta ya breki, usifunge kwenye jiliwa, usimwite fundi wa gereji. Nimeona mipini iliyopasuliwa na watu wenye haraka, na kwa kweli huwa najisikia vibaya kama vile wamenipasulia mimi.

(Hapa niliuvua. Ulitoka kwa ngumi ya nne. Bwana mmoja wa mstari wa mbele akasogeza kiti chake nyuma.)

Huu sasa ndio msuka. Mmeuona? Ni mweusi? Hapana. Tazameni vizuri chini ya tochi. Ni kahawia, kutu nyembamba, na mistari ya tupa iliyopita juu yake bado ni mikali, unaihesabu. Msuka wa miaka 400 hauko hivi. Ule huwa na kutu nyeusi iliyokolea, laini kama ganda la ukwaju, na mistari ya tupa imelika karibu yote. Kutu ndiyo ya kwanza kusomwa. Kwa hiyo tafadhali, nawaomba kwa heshima zote: usiisafishe. Jamaa mmoja aliniletea upanga ambao msuka wake unang'aa kama sufuria ya harusi. Alikuwa ameupiga msasa siku nzima ili nisipate shida ya kusoma. Jina lilisomeka, naam, lakini sikuweza tena kumwambia kama lina miaka 80 au 300, kwa sababu shahidi alikuwa amemuua yeye mwenyewe. Kama maandishi hayaonekani, pakaza poda ya watoto kidogo kwa kidole, iingie kwenye mikwaruzo, halafu lete mwanga kutoka ubavuni. Inatosha.

Hapa ukingoni kuna rangi nyekundu iliyofubaa. Wengi huikwangua wakidhani ni uchafu. Ni namba ya mafundi wa kuunganisha: namba hiyohiyo, au tarakimu zake za mwisho, utazikuta zimegongwa kwenye kikingio na kwenye vibati vinavyokizunguka. Zikilingana, vipande hivi vilizaliwa pamoja. Kwenye huu zinalingana.

Tupande juu kidogo. Mnaona chapa ndogo hapa, kubwa kama punje ya mchele? Ni herufi moja, 関, inasomwa Seki. Seki ni mji wa mkoa wa Gifu, katikati ya Japani, mji wa vyuma kwa zaidi ya miaka mia saba. Nilipokaa Gifu nilikwenda huko mara nyingi. Leo wanatengeneza visu vya jikoni na mikasi, na baadhi yenu mna kisu cha Seki kabatini bila kujua. Wakati wa vita mji huu ulitoa panga kama mkate. Na kwa sababu zilikuwa nyingi, kukawekwa ukaguzi na chapa. Nyingine ni herufi 昭 ndani ya duara dogo.

Chapa hizi zinasema nini? Mara nyingi sana zinakwambia kwamba upanga haukufuliwa kwa njia ya asili. Njia ya asili ni ile ya tamahagane, chuma cha pua kinachopatikana kwa kuyeyusha mchanga wa chuma kwa makaa ya mbao kwenye tanuri la udongo. Mhunzi hukikunja na kukifua tena na tena, akakipaka udongo, akakipasha moto, akakichovya majini. Hapo ndipo makali yanapopata ule ukungu mweupe unaowafanya watu watoe mamilioni. Panga nyingi za Seki za wakati huo zilifuliwa kwa chuma cha kiwandani na kuchovywa kwenye mafuta, maana mafuta hayapasui bapa kirahisi kama maji. Ni panga imara, za kazi. Ila Japani yenyewe haizihesabu kuwa kazi ya sanaa, na sheria yao ya silaha haiziruhusu kusajiliwa. Ukiupeleka huko upanga wa namna hii ili ukasuguliwe na bingwa, unaweza usirudi. Niliwahi kumzuia mama mmoja akiwa tayari ameshafunga mzigo kwa posta.

Zipo chapa zinazosema kinyume. Nyota ndogo yenye ncha tano ilikuwa ya wahunzi waliokubaliwa na jeshi katika miaka ya mwisho ya vita, wakawa wanagawiwa tamahagane na makaa ili wafue kwa njia ya asili. Nanga yenyewe ni ya jeshi la majini tu, haithibitishi njia ya asili. Na kuna wale waliofua ndani ya uwanja wa hekalu la Yasukuni, Tokyo, kuanzia 1933 mpaka 1945, kama panga 8,100 hivi. Hao hawakuhitaji chapa, kwani wengi majina yao yote yanaanza na herufi moja, 靖, Yasu, waliyoipata kutoka kwenye jina la hekalu. Yasunori, Yasumitsu, Yasutoku. Ukiikuta herufi hiyo juu ya msuka mzuri, kaa kwanza unywe maji.

Tugeuze upande wa pili, maana tarehe kwa kawaida hukaa nyuma ya jina. Inasomwa kutoka juu kushuka. 昭和十八年二月日. Herufi mbili za juu ni Showa, enzi ya mfalme Hirohito. Kisha msalaba, hiyo ni kumi. Kisha vijimstari viwili vinavyoachana kama miguu ya mtu anayetembea, hiyo ni nane. Kumi na nane. Inayofuata ni mwaka. Mwaka wa 18 wa Showa. Chukua 18 ongeza 1925, unapata 1943. Kanuni ni hiyohiyo moja, ikaririni: ongeza 1925. Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza nilimwandikia mtu barua ndefu kwamba upanga wake ni wa 1918. Aliijibu kwa adabu sana.

Halafu 二月, mwezi wa pili. Na mwisho 日, siku, lakini bila namba. "Siku moja ya mwezi wa pili." Ni desturi. Mtakuta misuka mingi ajabu ya mwezi wa pili na wa nane, kama kwamba wahunzi walilala miezi iliyobaki. Mapokeo yao yanasema miezi hiyo maji yana joto linalofaa kuchovya bapa. Upanga huu ulichovywa kwenye mafuta, kwa hiyo hayo maji hayakuhusika kabisa, lakini desturi haikuulizwa.

Sasa, kabla ya jina, niwape kisa changu ili mjue kwa nini nalikawiza.

Miaka ya nyuma nililetewa msuka wenye maandishi safi, makubwa, yamekatwa kwa mkono uliotulia: 興亜一心満鉄作之. Nikaona herufi mbili za mwisho, "amelitengeneza hili", nikasema basi, zilizo juu yake ni jina la mtu. Nikaanza kumtafuta. Wiki nzima. Nilipekua orodha za wahunzi usiku na mchana, nikajenga mpaka dhana kwamba ni mhunzi wa siri. Mwalimu wangu wa Kijapani, mama mtu mzima asiyejua lolote kuhusu panga, alipoyaona akacheka mpaka akavua miwani. "Hii ni reli," akasema. Na kweli ni reli. Mantetsu ni kifupi cha Kampuni ya Reli ya Manchuria Kusini. Ilikuwa na tanuri, migodi na maabara, na kule Dalian ikatengeneza panga za chuma cha Manchuria. Maneno ya juu ni kaulimbiu ya siasa ya wakati ule: kuinua Asia kwa moyo mmoja. Nilimtafuta mhunzi wiki nzima kumbe ni kampuni inayouza tikiti za treni.

Panga za reli hiyo zina mtego mwingine pia. Mwaka wake haukuandikwa kwa namba. Umeandikwa kwa ule mzunguko wa miaka 60 wa wanyama: 庚辰 ni joka wa 1940, 辛巳 ni nyoka wa 1941. Ukiangalia tu huoni namba yoyote, unadhani hauna tarehe.

Haya, jina. Tugeuze tena. Shikeni upanga ncha juu: makali yako kushoto, na maandishi yanatutazama. Upande huu ndio unaokuwa nje upanga ukichomekwa kiunoni makali juu. Makali yangekuwa kulia tungesema ameandika kwa desturi ya zamani zaidi, ya upanga unaoning'inizwa makali chini, kama walivyofanya wale wa Yasukuni.

Herufi ya kwanza ni mahali: Seki. Inayofuata ni 住, "mkazi wa". Kisha hii yenye nguzo mbili zinazoshuka kati ya mistari ya kulala: 兼, Kane. Hii mtaikuta sana, maana wahunzi wa eneo hilo wameitumia kwa karne na karne. Baada yake 元, inasomwa Moto. Na 作, ametengeneza. Kanemoto, mkazi wa Seki, ametengeneza.

Kijana wetu alipoandika jina hili kwenye simu, simu ikamletea Magoroku Kanemoto, bingwa wa karne ya 16, maarufu kwa makali yenye vilele vilivyopangwa kama mierezi mitatu mitatu. Akalitazama bapa lake, akakuta vilele hivyohivyo. Usiku huo, ananiambia, hakulala.

Wazee wangu, mtaa wenu una akina Juma wangapi? Seki imekuwa na akina Kanemoto tangu huyo bingwa mpaka leo, jina likirithishwa au kuchukuliwa tu. Na vilele vya mierezi wahunzi wa vita walivipenda kwa sababu wanunuzi walivipenda. Angeanza na jina angefika karne ya 16. Sisi tumeanza na kutu changa, tukaona rangi ya mafundi, chapa ya ukaguzi, 1943, na jina lilipofika lilikuta mahakama imeshakaa.

Tena angalieni mkato wenyewe. Mistari ni myembamba, ya haraka, kila mstari ni mfululizo wa vipembetatu vidogo vya tindo. Huenda hata huyo Kanemoto wa 1943 hakuikata mwenyewe. Seki palikuwa na mafundi ambao kazi yao ilikuwa kukata majina tu, msuka baada ya msuka, kwa niaba ya wahunzi wengi. Kwa hiyo mikato ya wahunzi wawili tofauti yaweza kutoka mkono mmoja, na ya mhunzi mmoja ikatoka mikono mitatu. Nao udanganyifu wa makusudi una umri wa majina yenyewe. Wajapani wana mzaha wa miaka mingi kuhusu Kotetsu, bingwa wa karne ya 17, kwamba ukikutana na Kotetsu anza kwa kudhani ni wa uongo.

(Maswali yalikuwa mengi. Nawawekea mawili.)

Mzee mmoja aliuliza: "Sasa mwanangu, thamani yake?" Nilimjibu: mzee wangu, kwa wakusanyaji ni upanga wa kawaida wa vita, hali nzuri, vipande vyote vyake. Haujengi nyumba. Unaweza kununua pikipiki, na mnunuzi akiwa mjanja utanunua iliyotumika.

Kijana mwenyewe ndiye aliyeuliza la mwisho. Alitaka kujua kama maandishi haya yatamsaidia kuipata familia ya yule ofisa. Nilimwambia hapana. Msukani mna jina la aliyefua, au la karakana iliyouza kwa jina lake. La aliyevaa halimo. Huyo huandikwa kwingine: wakati mwingine kwa wino kwenye karatasi ndogo iliyosukumwa ndani ya mpini, na mara nyingi kwenye kibao au kipande cha kitambaa alichokifunga mwenyewe siku ya kusalimisha silaha mwaka 1945, jina, cheo na kwao, akitumaini upanga utarudishwa nyumbani siku moja.

Tulimulika ndani ya mpini kwa tochi, hamkuwa na karatasi. Kibao yule ofisa alikuwa nacho. Kilifungwa kwenye kitanzi hiki cha kichwani, kwa uzi huu, na umekatwa kwa kisu.